Bastola ya Mzinga wa Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Neda alikuwa na kazi moja: kuwapelekea nyuki wa babu yake maji ya sukari. Mwezi wa Septemba maua huwa yamekwisha, na nyuki wasiposaidiwa hawafiki mwaka mpya. Alibeba jagi kwa mikono miwili, akapita mzinga mmoja baada ya mwingine, akiwasalimia kama majirani.

Mizinga ilikuwa saba, imepangwa nyuma ya nyumba. Sita ilikuwa na nyuki. Wa saba, uliopakwa rangi ya buluu, ulikuwa mtupu, na juu ya kifuniko chake palikaa tofali. Ndani yake, imeviringishwa katika kitambaa chenye mafuta, ililala bastola ambayo babu yake, Mzee Radoje, alirudi nayo kutoka vitani miaka mingi kabla Neda hajazaliwa. Haikuandikishwa popote. Neda aliapa kutomwambia mtu.

Alhamisi hiyo tofali lilikuwa chini, kwenye majani.

Neda aliweka jagi, akainua kifuniko. Kitambaa kilikuwepo. Bastola haikuwepo.

Siku nyingine angedhani babu ameihamisha. Lakini huo haukuwa mwaka wa kudhani. Mwezi Mei, katika sherehe za Mtakatifu Joji kwenye uwanja wa mji wao wa Orahnica, kijana wa miaka ishirini alifyatulia watu risasi, akaua tisa. Mmoja wao alikuwa Pavle, mtoto mkubwa wa Bi Stamena, mwoka mikate wa mtaa wa akina Neda. Bunduki ilikuwa ya mjomba wa yule kijana, Milun, fundi wa pampu za maji. Aliiacha nyuma ya mlango, na risasi kwenye droo. Yule kijana alikuwa katika gereza la mbali. Milun naye alikuwa nje kwa dhamana, akisubiri kesi ya uzembe, na kesi yenyewe ilikuwa inaanza asubuhi hiyo, saa tatu.

Tangu Mei mtaa ulikuwa umegawanyika vipande viwili, na ukitaka kuvisikia vyote ulipita tu mkahawani.

"Milun kakosa nini?" Mzee Radoje alizoea kuuliza, akigonga meza mpaka vikombe vinaruka. "Alimpa kijana bunduki? Hakumpa!"

"Hakumpa, ila aliiweka mlangoni kama mwavuli," alijibu Tiosav, fundi viatu. "Mwavuli ukiwa mlangoni, mvua ikinyesha, nani ataomba ruhusa?"

"Wee Tiosav! Kwako wewe hata jogoo akichelewa kuwika, mwenye nyumba afungwe!"

Watu walicheka. Neda, aliyetumwa kumwita babu akale, hakucheka.

Serikali ilikuwa imetoa nafasi: mwenye silaha isiyoandikishwa ailete polisi, hataulizwa aliipata wapi. Mwisho ulikuwa Ijumaa. Wiki iliyopita Sajini Zorka alipita nyumba kwa nyumba.

"Mzee Radoje, una chochote cha kutukabidhi?"

"Nina maumivu ya magoti tu, mwanangu. Ukiyataka, yachukue yote mawili."

Sajini alipoondoka, babu alimkonyeza Neda. "Jumapili baba yako mdogo anaoa. Nikiitoa hiyo bastola, Vukota ataliangusha tufaha kwa kitu gani? Kwa chafya?"

Ndivyo ilivyokuwa kwao. Bwana harusi akienda kumchukua mkewe, hukuta tufaha limefungwa juu ya mti mrefu uwanjani kwao, na hapewi bibi harusi mpaka aliangushe kwa risasi. Babu aliliangusha. Baba yake babu aliliangusha. Kwa ajili ya tufaha hilo, babu alimdanganya polisi.

Neda alisimama mbele ya mzinga wa buluu. Siri hiyo alikuwa ameitoa mwenyewe. Majira ya baridi yaliyopita, Gojko, mdogo wake marehemu Pavle, alimtania mbele ya darasa zima: "Babu yako shujaa wa vita? Shujaa wa kukimbizwa na nyuki!" Hasira zilimpanda. Jioni ile alimleta Gojko nyuma ya nyumba, akamfunulia kitambaa. "Haya, cheka sasa!"

Na jana, wakitoka shule, Gojko ambaye tangu Mei alikuwa haongei, aliongea. "Ule mzinga wa buluu bado hauna nyuki?" Neda alifurahi kusikia sauti yake tu. Akajibu, "Bado." Hata hakujiuliza kwa nini ameulizwa.

Saa tatu Milun angepanda ngazi za mahakama kwa miguu yake, mbele ya watu wote.

Akisema, babu atafungwa. Akinyamaza... Neda hakuimaliza hiyo fikra. Alikimbia.

Babu na Vukota walikuwa uani wakimenya magome ya ule mti mrefu wa harusi, ambao ungepelekwa kwa akina bibi harusi.

"Babu, bastola haipo."

Kisu cha babu kilisimama. "Bastola gani? Punguza sauti, we mtoto."

"Gojko ameichukua. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Leo ni kesi ya Milun, babu!"

"Hujui unachosema. Kagojko kale kadogo..."  Mzee Radoje alikaa juu ya mti aliokuwa akiumenya. "Ilikuwa na risasi," alisema polepole. "Niliijaza mwenyewe Jumatatu, niijaribu."

"Baba, pigia polisi," Vukota alisema.

"Twende wenyewe. Nitamnyang'anya kimya kimya, hakuna atakayejua."

"Ukichelewa je?" Neda alilia. "Akitutangulia je? Babu, ana miaka kumi na mbili!"

Mzee Radoje alinyoosha mkono apewe simu. 

"Sajini Zorka? Mimi Radoje. Wiki iliyopita nilikuambia sina kitu. Nilikudanganya."

Walifika uwanja wa mahakama saa tatu kasoro dakika kumi. Neda aliamriwa abaki garini, lakini dirisha lilitosha. Watu walikuwa wamejaa: wenye mabango, wenye picha za marehemu, na wale waliokuja kuona tu. Kando ya chemchemi alisimama Gojko, mkoba wa shule ameuvaa kifuani badala ya mgongoni, mkono wa kulia ndani ya mkoba.

Milun alitokea na wakili wake, kichwa kimeinama. Watu walimzomea. Gojko alipiga hatua.

Neda alimwona babu akipenya watu, akamfikia Bi Stamena kwenye ngazi za mahakama na kumnong'oneza sikioni. Mama yule hakupiga kelele. Alishuka zile ngazi, akaenda akasimama katikati ya mwanawe na Milun, karibu kabisa, kiasi kwamba mkoba ulimgusa kifua.

"Nipe mkoba, mwanangu."

"Toka, mama."

"Sitoki."

"Yeye ndiye aliyeiacha mlangoni! Pavle yuko wapi? Na yeye anatembea!"

"Najua anatembea. Kila siku namwona. Lakini nimeshazika mmoja, Gojko. Huyu wa pili akienda gerezani, mkate nitamwokea nani?"

Mkono ulitoka mkobani mtupu. Gojko aliangua kilio cha mtoto mdogo, akajitupa kwa mama yake, na Sajini Zorka, aliyekuwa amefika nyuma yao, akauchukua mkoba taratibu kama mtu anayechukua sahani ya moto. Milun aliyaona yote. Alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso.

Saa sita, Mzee Radoje alikuwa bado kituoni akiandika maelezo. Neda aliketi karibu naye.

"Kwa kuwa nayo bila kibali, nafasi ya serikali inakulinda hadi kesho," Sajini Zorka alimwambia. "Ila kuiacha na risasi mahali mtoto anapofika, hilo halilindwi na mtu. Faili linafunguliwa. Utaitwa mahakamani, mzee wangu, kwa kosa lile lile la Milun."

"Andika," alisema babu. "Andika na kwamba nilidanganya."

Mlangoni walimkuta Bi Stamena akimsubiri daktari wa akili amalize kuzungumza na Gojko. Mzee Radoje alivua kofia.

"Stamena, miezi minne nimemtetea Milun mkahawani. Kumbe nilikuwa najitetea mwenyewe."

"Nilijua," alijibu. "Mtaa mzima tulijua una kitu. Sisi sote tulinyamaza, na mimi pia." Hakusema amemsamehe, na babu hakuomba.

Jumapili mti ulisimamishwa uwanjani kwa akina bibi harusi, tufaha jekundu likiwa juu kabisa. Wapiga matarumbeta walinyamaza. Wanaume walitazamana, mikono mifukoni.

"Haya, Vukota!" Tiosav, aliyeusikia ule mzaha wa babu mkahawani, alipaza sauti. "Chafya!"

Kicheko kilikuwa kidogo, kisha kikafa. Vukota alivua koti, akatoa mfukoni manati ya mpira aliyokuwa nayo tangu utotoni, akaokota kokoto. Ya kwanza ilikosa. Ya pili ikakosa. Ya saba ikakata uzi, na tufaha likaangukia aproni ya bibi harusi. Wazee walisema hawajawahi kuona tufaha la harusi likifika chini zima.

Vukota alimkabidhi Neda lile tufaha, naye akalipeleka kwenye duka la mikate. Bi Stamena alilikata kwa kisu cha mkate, nusu akampa Gojko aliyekaa kimya nyuma ya kaunta, nusu akamrudishia Neda.

"Bi Stamena," Neda alisema, macho chini, "mimi ndiye niliyemwonyesha. Nisingemwonyesha..."

"Ndiyo. Ulikosea, na sitakuambia kwamba hukukosea." Mama yule alifuta kisu kwa kitambaa. "Milun hakutaka mtu afe. Babu yako hakutaka. Wewe hukutaka. Lakini chombo cha kuua hakingoji utake, kinangoja usahau. Kwa hiyo anayekiweka ndiye mwenye kujibu. Na anayejua kipo akanyamaza, naye ana lake la kujibu. Wewe ulinyamaza miezi tisa, halafu asubuhi moja ukasema, huku unajua atakayeumia ni babu yako. Kwa asubuhi ile moja, mwanangu huyu yuko hapa anakula."

Neda alimtazama Gojko. Alikuwa akitafuna polepole, na mbegu za tufaha alikuwa akiziweka pembeni, mojamoja, mbele ya picha ya Pavle.