Nani Amemkwaruza Mtoto?

Fundi wa kuchomelea na mkewe, mshona nguo, walikuwa na mbwa kabla ya kupata mtoto. Walimwita Karani, kwa sababu alikaa mlangoni na kumkagua kila anayeingia. Mchana alilala chini ya cherehani, juu ya vipande vya vitambaa.

Mtoto alipozaliwa, shangazi yake fundi alikuja kusaidia ulezi. Siku hiyohiyo alimfunga Karani uani kwa mnyororo.

"Mbwa ni mbwa," alisema. "Leo anatingisha mkia, kesho anatoa meno."

Karani hakuzoea mnyororo. Mtoto akilia, naye alilia. Mtu akipita na nepi, alinyoosha shingo, akanusa, akanguruma.

"Mnamwona?" shangazi aliuliza. "Huyu ana jambo moyoni."

Hata mama mtoto akaanza kumtazama kwa wasiwasi. Mbwa akiwatazama, walijiuliza anawaza nini.

Asubuhi moja walikuta mnyororo umelegea. Karani alikuwa amelala mlangoni mwa chumba cha mtoto. Ndani, mtoto alilia kwa nguvu. Shavuni alikuwa na mkwaruzo mwekundu.

"Si nilisema mimi!" shangazi alifoka. "Mbwa huyu aondoke leo. Akibaki yeye, naondoka mimi!"

Fundi akachukua kamba. Mkewe akamshika mkono. "Baba mtoto, kwanza mtoto. Ya mbwa baadaye."

Akauosha mkwaruzo kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima. Kisha wote watatu wakaenda na mtoto zahanati.

"Mlimwona mbwa akimkwaruza?" muuguzi aliuliza.

"Hatukumwona," mama alijibu. "Lakini nani mwingine?"

Muuguzi alimfungua mtoto kanga. Mtoto akarusha mikono kwa hasira. Kucha zikapita shavuni, zikaacha alama ya pili, pacha wa ile ya kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," muuguzi alisema akicheka. "Mkateni kucha huyu. Lakini mlifanya vizuri kuosha na kuja mapema. Mbwa akikwaruza au akiuma, fanyeni hivyohivyo. Je, mbwa wenu ana chanjo ya kichaa cha mbwa?"

Hakuna aliyekumbuka.

Jioni walimwita jirani yao, daktari wa mifugo. Alifungua daftari lake la chanjo za mtaa, akaona kwamba chanjo bado ina nguvu. Akampa Karani dawa ya minyoo.

"Kwa hiyo mbwa hana kosa?" shangazi aliuliza. Hakuwa ameridhika.

"La mkwaruzo, hana. Lakini hofu yako si ya bure, mama. Mbwa yeyote anaweza kuuma, hata mpole. Huyu hajatambulishwa kwa mtoto. Anajua jambo moja tu: harufu mpya ilipoingia, yeye alitolewa nje."

"Sasa tufanyeje?" fundi aliuliza.

"Leo mpeni nguo aliyoivaa mtoto, ainuse. Akitulia, msifuni. Kesho wewe mshike kwa kamba, mkeo ampakate mtoto, akae mbali. Dakika chache tu, kila siku. Msogee polepole. Msimlazimishe mbwa kumkaribia mtoto."

"Na akinguruma?"

"Usimpige. Mngurumo ni onyo. Ukimpiga, atajifunza kuuma bila kuonya. Mrudishe nyuma, ujaribu siku nyingine. Na wasibaki wawili peke yao kamwe, hata ukienda kuchukua kikombe tu."

"Mimi bado simwamini," shangazi alisema.

"Vizuri! Basi wewe ndiye utakayewachunga."

Shangazi alichunga kweli. Alikaa katikati yao kama ukuta. Siku ya kwanza Karani alinguruma, wakamrudisha. Siku ya nne alinusa, akapiga chafya, akalala. Wakamtandikia mkeka wake pembeni, mahali ambapo hakuna wa kumsumbua. Baada ya wiki kadhaa, mnyororo ulitundikwa ukutani. Chumba cha mtoto kikaendelea kufungwa.

Miezi ikapita. Siku moja shangazi alikuwa amempakata mtoto, Karani akapita karibu. Mtoto akanyoosha mkono, akamshika sikio na kulivuta. Shangazi akakifungua kile kiganja kidogo haraka, kidole kimoja kimoja.

Karani akatikisa kichwa. Hakunguruma. Akageuka, akaenda kulala kwenye mkeka wake.

"Ameudhika, akajiondokea," shangazi alisema polepole. "Wapo watu wazima wasioweza hilo."

"Unamsema nani, shangazi?" fundi aliuliza.

"Wewe mkatie mtoto kucha."