Masikio Yanayougua Mchana

Mzee Mwishehe wa Msimbu, wilayani Kisarawe, alikuwa na cheo. Cheo chake hakikuwa na mshahara. Hakikuwa na ofisi wala kofia. Hata hivyo, kila siku ilipokaribia saa tisa alasiri, mzee alinawa mikono, akavaa shati lenye kola, akaketi mbele ya redio yake kama kadhi anayesubiri mashahidi.

Ile haikuwa redio ya kusikiliza taarabu. Ilikuwa redio ya ridhaa, redio ya kusikiliza na kusema pia. Watu wa redio ya ridhaa hupewa leseni. Huzungumza wao kwa wao, mji kwa mji na nchi kwa nchi, bila kutegemea minara ya simu. Hawafanyi biashara hewani. Hujifunza, hupiga soga, na simu zinapokatika hupeleka habari.

Rafiki yake mkubwa wa hewani alikuwa Mzee Hamidu wa Mlandizi, upande wa Kibaha. Walikuwa wamezungumza kwa miaka kumi na minne. Mazungumzo yao yalikuwa mazito sana. Walijadili mihogo, goti la Hamidu, na ni nani kati yao mwenye waya wa antena mrefu zaidi juu ya mti.

Kisha nyumba ya Mzee Mwishehe ikapata umeme wa jua.

Paneli ilikaa juu ya paa la jiko. Betri na kisanduku cha kuchaji vilikaa ukutani, hatua mbili kutoka kwenye redio. Kisanduku kilikuwa kidogo, cha bei rahisi, na hakikuwa na hata jina. Mke wake, Bi Biubwa, alifurahi. Alipata taa tatu na mahali pa kuchaji simu.

Lakini tangu wiki ile, redio ilichacharika mchana kutwa, kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Jua likizama, ilitulia. Mzee Mwishehe hakusema kitu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Moyoni alijua tatizo ni nini.

"Masikio yangu yamekwisha," alijiambia. "Nikisema, watanihurumia. Kisha watachukua redio."

Basi akatafuta dawa yake mwenyewe. Redio ile ilikuwa na vitu viwili vya maana. Kimoja ni chujio la sauti. Cha pili ni kipunguza kelele. Mzee alivizungusha vyote viwili mpaka mwisho. Kama kijiko kimoja cha dawa kinatibu, aliwaza, chupa nzima itatibu zaidi.

Kelele zikapungua. Hamidu naye akapungua. Akawa anasikika kama mtu anayesema akiwa ndani ya pipa la maji. Siku nyingine hakusikika kabisa.

Hapo ndipo mzee alipofanya kosa ambalo mkongwe wa redio peke yake ndiye anayeweza kulifanya kwa heshima zote. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kusikiliza sauti dhaifu. Angewezaje kusema hasikii? Hamidu aliponyamaza, mzee alisogeza kipaza sauti, akasafisha koo, akasema:

"Nimekupokea. Nimekupokea vizuri kabisa."

Masika yakaingia kwa nguvu. Barabara ya Msimbu ikawa uji. Mnara wa simu ukalala, na siku tatu zikapita bila mtandao. Binti yao pekee, Siwema, aliishi Kwala, upande wa Mlandizi, na mumewe. Alikuwa na mimba ya miezi tisa, mimba yake ya kwanza. Mumewe alikuwa akimpa Mzee Hamidu habari zake, na Hamidu alizipeleka kwa redio.

Jumanne, saa tisa, Hamidu alisema kwa muda wa dakika nzima. Mzee Mwishehe akamjibu kwamba amempokea vizuri kabisa.

Bi Biubwa alikuwa mlangoni.

"Baba Siwema, amesemaje?"

"Nani?"

"Nani mwingine? Hamidu! Mwanangu anaendeleaje?"

"Wote wazima. Wanasalimia."

"Dakika nzima hiyo wanasalimia tu?"

"Salamu zilikuwa nyingi," alisema mzee, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Siku ya pili, Jumatano, mvua ilikatika na jua likawaka. Fundi mmoja wa umeme wa jua, Kudra, alikuja na pikipiki yake kutoka Kisarawe mjini kukagua paneli za zahanati. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na matope yalimfika magotini. Bi Biubwa alimwita aangalie taa moja iliyokuwa ikipepesa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kudra alisimama kidogo, akasikiliza. "Mzee, hiyo redio yako inakaanga nini?"

"Haikaangi kitu. Ni uzee tu," alisema Mzee Mwishehe. "Masikio yamechoka."

"Yalianza lini kuchoka?"

"Miezi miwili sasa."

"Na usiku?"

"Usiku yanapona. Jana baada ya isha nilisikia watu wa mbali sana, wazi kabisa."

Kudra alicheka mpaka akashika ukuta. "Masikio yanaugua mchana yanapona usiku! Mzee, hayo si masikio. Hayo yanafuata umeme wa jua!"

Bi Biubwa hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Aliacha kukuna.

"Baba Siwema. Jana ulimsikia Hamidu?"

Mzee Mwishehe alitazama dari. Alitazama redio. Mwisho hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

"Sikusikia hata neno moja," alisema.

"Na zile salamu nyingi?"

"Nilizitunga."

Bi Biubwa aliweka nazi chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo ilitisha kuliko kelele: "Kudra, mwanangu, imebaki nusu saa. Nataka kumsikia Hamidu leo. Nikishamsikia, nitashughulika na mtunzi huyu."

Kudra alivuta kigoda. "Kwanza tufungue vyote ulivyobana, mzee. Tusikie ugonjwa wenyewe."

Alirudisha chujio na kipunguza kelele mahali pa mwanzo. Redio ikanguruma chumba kizima.

"Redio inatumia betri?"

"Ndiyo, betri yake peke yake."

"Vizuri. Sasa tunazima kitu kimoja kimoja. Zima taa."

Walizima taa. Kelele hazikupungua. Walichomoa chaja ya simu. Zikapungua kidogo, lakini kidogo tu.

"Mama, una jamvi?"

"Lipo, la kuanikia makopa."

Walitoka nje. Paa la jiko lilikuwa fupi. Kudra alilitupa jamvi juu ya paneli, likafunika jua lote. Ndani ya nyumba, redio ikanyamaza. Haikuwa kimya kabisa. Ulibaki mvumo mdogo tu, kama mvua iliyo mbali.

Mzee Mwishehe alishika sikio moja. Kisha akashika la pili. Yote mawili yalikuwepo, na yote mawili yalikuwa mazima. Alihisi kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima na kuikuta usoni.

"Ni kile kisanduku cha kuchaji," Kudra alisema aliporudi. "Ndani yake umeme unakatwa na kuunganishwa haraka sana, mara maelfu kwa sekunde moja. Kisanduku kizuri huzuia kelele hizo zisitoke. Cha kwako hakizuii. Nyaya zake zinarusha kelele, na redio inazidaka. Usiku hakuna jua, kisanduku hakichaji, kwa hiyo hakuna kelele."

"Lakini nilikuwa na chujio," alisema mzee.

Kudra alimgeukia Bi Biubwa. "Mama, ukikuna nazi kwa mbuzi yenye kutu, utachuja tui mara ngapi?"

"Sichuji kitu. Nitasugua mbuzi kwanza."

"Ndivyo na redio. Kwanza ondoa uchafu kule unakotoka. Kuchuja kunafuata."

Alisogea kwenye redio. "Sasa chujio. Kazi yake ni kuachia sauti za upana fulani zipite, nyingine zibaki nje. Wewe ulilibana mpaka upana wa watu wanaoandikiana kwa milio, ti-ti-taa. Mlio mmoja ni mwembamba, unapita. Sauti ya mtu ni pana. Hapo vinapita vipande tu. Tuliweke kwenye upana wa mtu kusema."

"Na hiki cha kupunguza kelele?"

"Hiki ni kama kompyuta ndogo. Inasikiliza. Kelele huvuma vilevile, dakika baada ya dakika. Maneno hupanda na kushuka. Basi inapunguza kile kisichobadilika, inaacha kinachobadilika. Lakini ukiizungusha mpaka mwisho, inakosa subira. Inakuta sauti dhaifu, inasema hii nayo ni kelele, inaifuta."

"Inamfuta Hamidu!" alisema mzee.

"Ilimfuta jana. Anza na sifuri, mzee. Ongeza polepole. Maneno yakianza kuharibika, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo mahali pake."

Mzee alizungusha mwenyewe. Alisimama kwenye tatu, kati ya kumi. Ilikuwa saa tisa kamili.

"Msimbu, Msimbu, hapa Mlandizi," redio ikasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila neno lilikuwa zima. "Mwishehe, mbona Mama Siwema hajafika? Jana nilikwambia Siwema amelazwa hospitali ya Tumbi, anamwita mama yake. Ukasema umenipokea vizuri kabisa. Mtoto wa watu ametazama mlango usiku kucha. Jibu."

Bi Biubwa alishika mdomo. Mzee Mwishehe aliinua kipaza sauti.

"Hamidu, jana sikukupokea. Nilisema uongo kwa aibu. Siwema yukoje? Sema polepole. Jibu."

Kule Mlandizi, Hamidu aliguna.

"Mtu mzima wewe!" alisema Hamidu. "Haya, fungua masikio. Siwema amejifungua leo alfajiri. Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Wanatoka hospitali Ijumaa. Umepokea?"

Mzee alifungua mdomo kusema neno lake la siku zote. Akalimeza.

"Narudia, unisahihishe," alisema. "Siwema amejifungua leo alfajiri. Mtoto wa kike. Wote wazima. Wanatoka Ijumaa."

"Umepatia yote, babu."

Bi Biubwa alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Kudra alivijibu. Mzee Mwishehe hakupiga kitu. Alikuwa anajifuta uso kwa kola ya shati, akidai ni jasho.

Jioni ile, jua likingali juu, Kudra alifanya kazi ya kudumu. Alichomoa kwanza nyaya za paneli, kisha za betri. Alikihamisha kisanduku mpaka ukuta wa jiko, mbali na redio na mbali na waya wake wa antena. Nyaya za kisanduku alizisokota pamoja, akazizungusha mara nyingi kwenye pete nyeusi za kuzuia kelele. Aliporudisha nyaya alianza na za betri, kisha za paneli. Jamvi likaondolewa juu ya paa. Redio ilichacharika kidogo tu.

"Kidogo hiki, kipunguza kelele kitakimaliza," alisema. "Siku utakaponunua kisanduku kingine, kijaribu kwanza ukiwa na redio ndogo karibu. Ikichacharika, kiache dukani."

Alhamisi asubuhi Bi Biubwa alipanda pikipiki ya Kudra mpaka kwenye lami, na kutoka hapo akapanda basi. Jioni alikuwa Tumbi, mjukuu mapajani. Kabla ya kuondoka alitoa hukumu yake. Mtunzi wa salamu atakuna nazi mwenyewe mpaka arobaini ya mtoto. Mzee alikubali bila kukata rufaa.

Siku zikapita. Mtandao ulirudi, lakini saa tisa ya Mzee Mwishehe ilibaki palepale. Karibu na redio alibandika karatasi yenye maneno aliyoyaandika kwa mkono: *Kama hujasikia, sema. Kama umesikia, rudia.* Wenzake wa hewani waliiga. Habari hazikupotea tena.

Siku ya arobaini ilipopita, Siwema alimpeleka mtoto Mlandizi kumsalimia Mzee Hamidu. Saa tisa ilipofika, Hamidu alimsogeza mtoto kwenye kipaza sauti. Mtoto hakutaka. Alilia kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Kule Msimbu, Bi Biubwa, aliyekwisha kurudi nyumbani, aliacha kazi zake akasikiliza. Kilio kilikuja wazi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Msimbu, huyo ndiye mjukuu wako," alisema Hamidu. "Umempokea?"

Mzee Mwishehe alikuwa amempokea vizuri kabisa. Alivuta kiti karibu zaidi na redio.

"Sijampokea," alisema. "Rudia."