Vifuniko Vitano vya Bibi Sonunbubu

Kila siku akitoka shule, Akylai alikuwa na kazi tatu: kuwapa kuku pumba, kuchota maji, na kumsaidia bibi yake kufufua injini. Mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliikimbilia.

Bibi Sonunbubu alikuwa na miaka sabini na miwili. Ujanani aliendesha lori la shamba la ushirika, akipandisha chumvi na mahema ya wachungaji hadi malisho ya milimani. Lori likiharibika njiani, alilitengeneza mwenyewe. Mumewe alipofariki alimwachia gari kuukuu aina ya Moskvich, ambalo lilikaa bandani miaka sita bila kuwaka.

"Kiangazi hiki nitaliendesha mpaka malishoni," Bibi alisema tangu theluji ikiwa bado imelala barabarani. Watu wa mtaa wao pale kijijini Kochkor walicheka, lakini walicheka kwa mbali, maana Bibi alikuwa na ulimi mkali.

Majira yote ya baridi bibi na mjukuu waliifungua injini na kuosha kila kipande kwa mafuta ya taa. Ilipofika Aprili, ililazwa kifudifudi juu ya meza, ikisubiri kufungwa. Kando yake, juu ya kitambaa cheupe, Bibi alipanga vifuniko vitano vya chuma, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Hivyo ndivyo vinavyoushika ule mhimili mkubwa unaozunguka tumboni mwa injini.

"Tazama vizuri," Bibi alisema. "Vinafanana kama mapacha, lakini kila kimoja kina kiti chake. Ukivibadilisha, mhimili unakabwa. Alama zake zimefutika zamani, kwa hiyo nimevipanga kwa mstari, kama vilivyotoka. Mtu asiviguse. Hata paka."

"Hata paka," Akylai akaitikia.

Jumamosi Bibi alikwenda kwenye karamu ya jamaa zake kijiji cha pili. Akylai akabaki nyumbani, na rafiki zake wawili, Elnura na Begaiym, wakamtembelea.

"Eti bibi yako anaunda injini?" Elnura alimuuliza huku akicheka. "Mwongo wewe! Bibi yangu hata redio hajui kuiwasha."

"Njooni muone basi," alisema Akylai, kifua mbele.

Bandani, Elnura hakuitazama injini sana. Alichukua kifuniko kimoja, akakipima mkononi. "Hivi vinafaa kwa chuko!" alisema. Chuko ni mchezo wa kurusha na kulenga mifupa ya vifundo vya miguu ya kondoo, na hakuna mtoto Kochkor asiyeujua.

"Acha, Bibi hataki," Akylai alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Muoga! Tutavirudisha, kwani vinakwenda wapi?"

Akylai hakutaka kuitwa muoga. Vifuniko vikashuka sakafuni, vikagongana, vikabingirika hadi chini ya gari. Hata yeye alirusha mara mbili, na akalenga vizuri, na akacheka.

Wenzake walipoondoka, alivikusanya na kuvifuta vumbi. Viwili vya miishoni, kimoja kila upande, vilikuwa na umbo lao, hivyo alivitambua. Lakini vitatu vya katikati? Alivigeuza, akavinusa, akavitazama dhidi ya mwanga wa mlango. Havikumwambia kitu. Akavipanga kwa kubahatisha, akaunyoosha mstari, akatoka nje haraka kama aliyeiba.

Jumatatu Bibi alianza kuifunga injini. Alipaka oili, akaulaza mhimili mahali pake, akaweka vifuniko kimoja kimoja na kukaza bolti. Kisha akashika mhimili ili auzungushe. Haukusogea. Akashika kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni. Wapi! Akalegeza bolti zote, akakagua, akakaza tena. Vilevile.

Baba yake Akylai, Jenish, aliingia akitoka kazini. Alimtazama mama yake aliyelowa jasho, akaguna.

"Mama, tuseme kweli. Mikono imechoka, na macho yanakudanganya. Ijumaa nitamwita yule anayenunua vyuma chakavu."

Akylai alingoja Bibi amjibu mwanawe kwa ule ulimi wake. Bibi aliketi tu juu ya ndoo.

"Labda nilipima vibaya," alisema polepole. "Zile namba ndogo za kipimo, siku hizi zinacheza machoni. Zamani nisingekosea."

Akylai alikuwa amesimama karibu naye, kitambaa mkononi, uso ukiwaka moto. Sema, moyo ulimwambia. Sema sasa. Ulimi ukagoma.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Bibi hakuingia bandani. Alikaa dirishani na chai yake ikapoa. Shuleni, Begaiym alimnong'oneza, "Mbona umenuna? Si ni vyuma tu?" Akylai akamgeuzia mgongo. Jumatano alitumwa chumvi dukani kwa Mama Tynar, na yule mama akainama juu ya meza ya duka.

"Eti mikono ya bibi yako imekwisha? Baba yako kasema ameshindwa."

Akylai angeweza kunyamaza. Hakunyamaza, alitikisa kichwa kukubali. Akachukua chumvi na kwenda zake akitazama viatu vyake, na njia nzima alijiona mdogo kuliko kokoto.

Alhamisi jioni Bibi alimwita. Mapajani alikuwa na spana zake, zimefungwa ndani ya ngozi laini.

"Nilizawadiwa hizi mwaka nilioshinda mashindano ya udereva ya wilaya," alisema. "Chukua. Mimi sina kazi nazo tena."

Akylai alirudi nyuma kana kwamba amepewa kaa la moto. "Sizitaki, Bibi! Sistahili!" Machozi yakamshinda. "Hukukosea wewe. Ni mimi! Jumamosi nilileta wenzangu, tukachezea vifuniko, nikavirudisha kwa kubahatisha."

Bibi aliziweka spana kando.

"Na Jumatatu," Bibi aliuliza, "nilipokuwa nikijilaumu, ulikuwa wapi?"

"Karibu nawe. Nilishika kitambaa."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia, Bibi."

Bibi alifumba macho. Akylai aliona afadhali apigwe. Mlangoni baba yake alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama," alisema kwa aibu, "nilikuhukumu kabla sijauliza. Nisamehe."

"Mtakuja kusamehewa wote wawili," Bibi alisema. "Jenish, mwambie mtu wako wa vyuma chakavu asije. Na wewe, Akylai, kwanza nenda kwa Tynar. Jina langu limechafuliwa huko, ukalisafishe."

Dukani kulikuwa na wateja watatu. Akylai alisimama kati yao. "Bibi yangu hajashindwa," alisema. "Mimi ndiye niliyechanganya vifuniko vyake, nikanyamaza. Na jana hapa nilikudanganya, Mama Tynar." Wote walimtazama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma zaidi.

Kesho yake alipotoka shule walirudi bandani.

"Una shaka na vingapi?" Bibi aliuliza.

"Vitatu vya katikati."

"Vitatu hupangika kwa njia sita. Moja tumeshaijaribu. Haya, fungua."

Walivikagua, wakavisugua palipokwaruzika, wakafunga na kufungua hadi vidole vya Akylai vikatoka malengelenge. Hakulalamika. Katika mpango wa nne, Bibi aliushika mhimili kwa vidole viwili, nao ukazunguka kimya, laini, kama gurudumu kwenye maji.

"Macho yangu ni mazima," Bibi alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Mwezi Juni, injini ikiwa imerudishwa mahali pake, gari lilikohoa, likatoa moshi mweusi, kisha likanguruma. Majirani walitoka hadi mageti yao. Bibi alikaa nyuma ya usukani, mjukuu wake kando yake, lakini hakuondoka mara moja.

"Akylai, kuchezea vile vifuniko lilikuwa kosa la kitoto, nami nililisamehe siku ileile uliyoniambia. Kilichoniuma ni wewe kunitazama nikijidharau, ukanyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mimi naongeza: kilio hicho kinaweza kumwangukia asiye na kosa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo. Aibu ya kusema hupita. Aibu ya kunyamaza hukua kila siku."

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya, shuka ufungue geti. Malisho hayatujii yenyewe hapa."