Iite Mara Mbili

Haya yalimkuta rafiki yangu Muriel, hapa kijijini kwetu, Dorset, Uingereza. Mumewe Wilf, seremala aliyekatwa vidole viwili vya mkono mmoja na msumeno, kila akishuka basi alimpigia kutoka kibanda chekundu cha simu. Ikiita mara mbili, anakata. Maana yake: weka birika, naja.

Wilf alifariki. Simu ya kibandani iling'olewa, wanakijiji tukabaki kukipaka kibanda rangi kwa zamu.

Juzi Muriel alimaliza zamu yake, akarudi nyumbani. Simu ikaita mara mbili, ikakatika.

“Nawe ukaweka birika?” nilimuuliza aliponisimulia.

“Nikaweka, mwenzangu. Na vikombe viwili.”

Chai ikapoa. Akarudi kibandani, akafungua mlango. Kwa ndani, kwenye rangi mbichi, palikuwa na alama ya kiganja cha vidole vitatu.