Weusi wa Maji ya Mbaraki

"Bwana we, wanikanyagia buibui!"

Ilikuwa Idi Mosi, bustani ya Mama Ngina ufukweni Mombasa imefurika watu wanaogombania mihogo ya kukaanga. Ishaq, kanzu nyeupe imepigwa pasi ikanyooka, akainua mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Niwie radhi, bibie. Macho yalikuwa kwako, miguu ikapotea."

"Na ulimi haujapotea?" Swafia akacheka.

"Huo upo. Waomba nambari ya simu."

Ishaq alikuwa nahodha wa tagi, akivuta meli bandarini. Swafia kazi yake ilikuwa kusoma picha za setilaiti, kutafuta mafuta yaliyomwagwa baharini. Miezi minne hawakulala bila kusikilizana sauti.

Asubuhi moja ikaingia picha mbaya. Kutoka gati la Mbaraki, mchirizi mweusi ulinyoosha kidole kuelekea kilindini. Mafuta hayo. Na chombo pekee kilichokuwapo saa ile kilikuwa tagi ya Ishaq. Akaandika ripoti kama alivyoona. Jioni Ishaq akasimamishwa kazi.

"Ungeniuliza kwanza, Swafia."

"Ningekuuliza, mpenzi, nisingeweza kuandika."

Simu ikakatwa. Siku nane, kimya.

Siku ya tisa picha nyingine ikaja. Tagi imefungwa gatini, lakini kidole kile kimerefuka. Swafia akakimbilia Mbaraki.

Upepo ulivuma, shela yake yapepea, lakini maji yamelala. Hayakupiga ukuta. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Ni kama kitu kikubwa chini yake kimezuia pumzi. Akajikuta asogea ukingoni, avutwa na weusi ule.

"Usisogee! Pana utelezi!"

Alikuwa Ishaq, aliyezoea kuja kuitazama tagi yake, macho mekundu, ndevu hazijachongwa.

"Nilikudhulumu," Swafia akasema, akimpa simu. "Tazama. Si tagi yako."

Ishaq akaikazia macho picha, kisha akapiga magoti ukingoni, akachungulia. Chini ya ukuta, bomba kuukuu lililodhaniwa limekauka zamani lilikuwa likitema mafuta polepole, kama mtu akohoaye usingizini. Akapiga simu bandarini. Kufikia alasiri bomba limezibwa, na mafuta yamezungushiwa uzio wa kuelea.

"Ripoti naiandika upya leo hii," Swafia akasema. "Na mamako, aliyeaibika kwa ajili yangu, nitamwomba radhi mwenyewe."

"Njoo. Lakini mimi nitatangulia kwenu, na ami yangu, kwa posa."

Maji chini yao yalikuwa bado meusi.

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa mbali, Ishaq. Njoo kesho."