Kinong'onezi cha Saumu

Uvumi ule Mwantumu alijaribu kuupuuza, ukamganda kama kupe: ati kinong'onezi, kile kidude cha shule, kinafundisha Kiingereza huku kinakwangua kitu kingine kichwani mwa mtoto. "Wivu tu," alijiambia. Mwanawe Saumu, wa miaka minane, alishabandikwa chake shuleni nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya dengu. Kwa siku tatu kilimnong'oneza kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "get", na mtoto akakimeza na kazi zake zote: kupata, kufika, kuelewa, kuugua, kupanda basi, kushuka basi. Ghorofa nzima ya tisa, pale Tanga Mpya, ilikuja kumsikiliza.

"Shoga, umezaa balozi!" jirani yake Kidawa alimtania.

Jumamosi mawingu yakatanda. Mwantumu, mikono imejaa unga, akaita, "Saumu, anua nguo!"

Mtoto akamtazama tu.

"Anua, mvua hiyo!"

"Kuanua ndiyo kufanyaje, mama?"

Akadhani utundu. Akatoka mwenyewe kibarazani. Hajamaliza kamba moja, akasikia chubwi! Bakari, mdogo wake Saumu, wa mwaka mmoja, kaingia kichwa chini kwenye ndoo ya kufulia, na Saumu kasimama kando yake.

"Mwopoe! Saumu, mwopoe!"

"Nimfanyeje, mama?" Saumu analia. "Nimfanyeje?"

Mwantumu aliruka, akamvuta mtoto miguu juu. Bakari akatapika maji, kisha, alhamdulillahi, akalia.

Jumatatu alimfuata Mwalimu Hoza darasani, naye akamweleza kwa upole. "Mama Saumu, chombo kinabana nafasi. Kikiona kitenzi kimoja kinatosha kazi ya vitenzi ishirini, vile ishirini vya lugha ya nyumbani, kama kuanua na kuopoa, kinavifuta. Na vikishafutika havirudi."

"Nitamfundisha upya."

"Atabaki nyuma ya wenzake."

"Abaki. Huko nyuma ndiko niliko mimi, nitampokea."

Mwantumu akakibandua kile kidude sikioni mwa Saumu mbele ya darasa zima, akakiweka mezani. Mwalimu hakunyoosha mkono kukichukua.

Siku hiyo hiyo Mwantumu akabandika karatasi kwenye mlango wa lifti ya jengo lao:

Wazazi, jiepusheni na haya.
Kusaini fomu ya shule kabla hujasomewa mpaka mwisho.
Kumsifia mtoto mbele za watu kabla hujamtuma kazi.
Kumwachia mtoto mwenye kinong'onezi amwangalie mdogo wake, hata dakika moja.
Kudhani ni utundu.
Kuona haya kumwuliza mwalimu. Mimi nimeishia darasa la saba, na nimeuliza.