Kidole Gumba cha Mama

Kila Jumamosi asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupitisha sumaku sakafuni. Mama ni fundi wa cherehani, na karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, ambamo sindano zilizovunjika hujificha kila kona zikisubiri mguu wa mtu. Nilipomaliza na sumaku nilifagia, nikapanga bobini, vile vigurudumu vya uzi, kwenye kopo, kisha nikachukua simu ya mama na kukaa kwenye kigoda karibu naye.

Hapo ndipo kazi niliyoipenda ilipoanza. Mama alifungua cherehani ya mteja, nami nikamchokoza kwa maswali.

"Mama, mbona hii inakata uzi?"

"Sindano imewekwa kinyume," alijibu bila kuinua kichwa. "Watu wanakimbilia kukaza skrubu, kumbe ni sindano tu. Halafu wanasema mashine ina mashetani."

Nilipiga picha ya mikono yake ikifanya kazi, nikayapanga maneno yake vizuri na kuyaweka kwenye blogu ya karakana. Blogu hiyo ilikuwa wazo langu, nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Mtu alipotafuta mtandaoni kwa nini cherehani yake inakata uzi, makala yetu ndiyo iliyotokea juu kabisa. Wateja wakaanza kuja kutoka mitaa ambayo sikuwahi hata kuisikia.

Kulikuwa na jambo moja nililolificha. Chini ya kila makala niliandika, "Imeandikwa na Mtaalamu Wetu." Nilidhani watu wakijua kwamba mtaalamu ni mwanamke aliyeishia darasa la saba, na mwandishi ni binti yake wa shule, watacheka na kwenda zao. Mama hakuwa na habari, kwa kuwa mambo ya mtandao aliniachia mimi.

Halafu wateja wakapungua. Mama alisema ni msimu tu. Mimi nikashika simu nikatafuta, na juu kabisa, mahali petu, nikakuta ukurasa wa duka la ng'ambo ya barabara. Nikaufungua na damu ikanichemka. Maneno yalikuwa yangu, hata mkato haukubadilishwa. Picha zilikuwa zangu pia: mkono wa mama, na kidole gumba chake chenye ukucha uliopasuka katikati tangu siku sindano ilipomtoboa miaka mingi iliyopita. Pembeni palikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu meupe, na chini yake maandishi: "Profesa Cherehani, uzoefu wa miaka thelathini."

Duka hilo ni la Bwana Miwani. Tulimwita hivyo kwa sababu ya miwani yake nyeusi asiyoivua hata ndani ya nyumba. Anauza cherehani mpya, lakini ukimpa sindano aitie uzi, anatokwa jasho. Profesa mwenye masharubu hakuna aliyewahi kumwona mtaani kwetu.

Nilivuka barabara siku hiyo hiyo.

"Shikamoo," nilisema kwa shida, maana adabu ni adabu hata kama unatamani kumng'ata mtu.

"Marahaba, binti. Mama anataka mashine mpya?"

"Umeiba makala zetu."

Hakukasirika hata kidogo. "Zenu? Zimeandikwa na nani?"

"Na mimi na mama."

"Wapi pameandikwa hivyo?" Alifungua ukurasa wetu kwenye simu yake na kunigeuzia. "Hapa naona Mtaalamu Wetu. Ndiye nani huyo? Profesa wangu angalau ana sura."

"Profesa wako hayupo!"

"Na Mtaalamu wenu yupo?" Akacheka mpaka miwani ikamteremka puani.

Nilitoka masikio yakiwaka moto. Sikumwambia mama. Nilitaka kumkomesha mtu yule kwa mikono yangu mwenyewe, na nilitaka aumie.

Siku tatu nilitafuta njia, darasani na hata mezani wakati wa kula. Mwishowe nikaandika makala mpya: "Siri ya Mafundi: Lainisha Cherehani kwa Mafuta ya Kupikia." Ulikuwa uongo mtupu. Mafuta ya kupikia huifanya mashine iende vizuri siku za mwanzo, kisha yanashikana na vumbi la vitambaa, yanaganda kama gundi, na gurudumu halizunguki tena. Mama alinifundisha hilo kabla sijajua kuandika. Ili mwizi asishtuke, niliweka picha ya zamani ya mama akidondoshea mashine mafuta, kidole gumba mbele kabisa.

Kesho yake jioni makala ilikuwa kwa Profesa, neno kwa neno. Papo hapo niliifuta ya kwetu, nikajifungia chooni nikacheka peke yangu. Shule ikafungwa wiki hiyo, na kila nilipotoka nje nilitazama ng'ambo ya barabara. Nilishawaona akilini wateja wake wakibisha hodi kwa hasira, wamebeba mashine zilizokwama. Raha niliyoipata wiki zile sijawahi kuipata hata siku ya matokeo ya mtihani.

Jumamosi ya tatu hodi ilipigwa, lakini mlangoni kwetu.

Alikuwa Mama Pacha, mshonaji wa sare za shule na mteja wa mama tangu sijazaliwa. Wanawe wawili walikuwa wamebeba cherehani yake, mmoja huku na mwingine kule.

"Fundi, nimekwisha," alisema, akakaa chini bila kukaribishwa. "Imegoma tangu jana. Jumatatu shule inafunguliwa na nina sare za watoto ishirini na sita mezani. Nikikosa, mwalimu mkuu hanipi kazi tena."

Mama alijaribu gurudumu. Halikusogea. Akafungua kifuniko, akapitisha kidole na kunusa. "Umetia nini humu?"

"Mafuta ya kupikia. Si ndivyo mlivyosema wenyewe?"

"Sisi?"

"Nilisoma kwenye ukurasa wa Profesa sijui nani. Mwanzoni sikuamini, masharubu yale si ya kuaminika. Lakini nikaona kidole chako, fundi. Nikasema, kidole hiki nakijua, hiki hakiwezi kunidanganya."

Nilitamani sakafu inimeze, sindano na yote. Mama aligeuka taratibu akanitazama. Sikuweza kumwongopea. Nilisema kila kitu, kuanzia Mtaalamu Wetu mpaka mafuta, nikilia kwa hasira na aibu pamoja. Mama Pacha alishika kichwa.

Mama hakunipiga wala hakufoka. Alinyanyua cherehani yake mwenyewe, ile asiyomwazima mtu, akaiweka mbele ya Mama Pacha. "Chukua hii, nenda ukashone. Yako itakuwa tayari kesho." Kisha akanipa brashi na kopo la mafuta ya taa. "Na wewe, sugua."

Nilisugua. Kila kipande kilikuwa na ute wa kahawia uliong'ang'ania kama ulimbo. Kufikia mchana vidole vilikuwa vimechubuka. Ndipo mama akasema neno lililoniuma kuliko kipigo.

"Yule aliniibia. Lakini wewe ndiye uliyenificha kwanza."

Niliendelea kusugua.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii mlango wazi," akaendelea. "Anayetaka kujua mimi ni nani anaingia, ananitazama usoni. Kwa nini huko mtandaoni nisiwe na jina? Ulinionea aibu?"

"Nilidhani hawatatuamini, Mama."

"Chukua simu. Andika, na uanze na jina lako."

Niliandika kwamba makala ya mafuta ya kupikia ni yangu, kwamba nilijua ni uongo, na kwamba aliyeyatumia asilazimishe gurudumu bali alete mashine, tutaisafisha. Chini nikaweka jina langu na tarehe. Kisha nikapitia makala zote, nikafuta Mtaalamu Wetu na kuandika jina la mama kamili, kazi yake, miaka yake, na picha ya uso wake akiwa na penseli sikioni.

Jumapili alasiri Mama Pacha alikuja kuchukua cherehani yake. Sare zilikuwa zimebaki mbili tu. Mama alivua aproni.

"Sasa twende ng'ambo," alisema. Niliona macho yake, nikajua hasira yangu nimeirithi wapi.

Dukani kulikuwa na wateja wanne, wawili wao wamekuja kulalamika kuhusu mashine zilizokwama.

"Tumekuja kumwona Profesa," mama alisema kwa sauti ya kutosha.

Bwana Miwani alisukuma miwani juu ya pua. "Amesafiri."

"Pole. Basi tukitazame kidole chake." Mama alichukua simu yake mkononi mwangu, akaonyesha picha ya ukurasa wa Profesa, na kuweka kidole gumba chake kando yake. Ukucha kwa ukucha, mpasuko kwa mpasuko. "Huyu Profesa wako ana masharubu, lakini mkono amekopa kwangu."

Wateja waliangua kicheko. Mmoja aliuliza kama masharubu nayo ni ya kuazima. Bwana Miwani alivua miwani kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa madogo tu, ya mtu wa kawaida. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilifurahi mpaka mama aliponisukuma mbele.

"Na wewe sema lako."

Nikasema, mbele ya wote, kwamba uongo wa mafuta niliutunga mimi. Kicheko kikakoma. Nilitaka siku ile aaibike yeye peke yake, lakini tuliaibika wote wawili, tukiwa tumesimama bega kwa bega.

Profesa alifutwa kabla hatujafika nyumbani. Mimi nilisafisha cherehani tano zilizoganda, Jumamosi baada ya Jumamosi. Baada ya miezi kadhaa makala zetu zilirudi juu, na wateja walikuja wakiuliza, "Fundi mwenye ukucha uliopasuka yuko wapi?"

Siku moja nilimwomba mama anikubalie nifute ungamo langu. "Kila mtu ameshalisahau," nilisema.

"Liache," alijibu, akitia uzi sindanoni kwa mara moja. "Mtu hakuamini kwa sababu hujawahi kukosea, mwanangu. Anakuamini kwa sababu anajua ni wewe, na anajua pa kukupata ukikosea."

Basi lipo mpaka leo, na jina langu lipo chini yake.